Tarumbeta Limetoboka Njiani

NEEMA: Karibuni tena kwenye kipindi chetu. Kaka Athman, leo nimekuja na kitu mfukoni. Shika.

ATHMAN: Hili si bomba la tarumbeta lako? Lile la mdomoni?

NEEMA: Ndilo. Jumamosi tulikuwa na harusi, sisi nyuma ya pikapu kama kawaida, maharusi mbele. Tumefika kwenye mataa, napandisha noti ya juu, inatoka na upepo. Ffff! Nabana midomo, wapi. Kupitisha kidole chini ya bomba, nasikia hewa inanipiga.

ATHMAN: Katikati ya arusi ya watu!

NEEMA: Mwenzangu akaibeba sauti yangu mpaka ukumbini. Jumatatu nikaenda kwa fundi. Tazama pembeni mwa tundu, rangi gani?

ATHMAN: Waridi. Kama shaba.

NEEMA: Ni shaba kweli! Brasi ni shaba na zinki zilizoyeyushwa pamoja. Ile ya njano ina shaba kama asilimia 70, zinki 30. Mate na unyevu wa pumzi vikilala ndani ya bomba miaka na miaka, zinki inatoka kidogo kidogo, shaba inabaki peke yake na vitundu kama sifongo. Doa linaanzia ndani, kwa hiyo ukiliona nje umeshachelewa. Fundi aligusa kwa koleo, pakamegeka kama biskuti. Lehemu haina pa kushika.

ATHMAN: Sasa fikiria siwa ya Lamu, lile baragumu kubwa la heshima…

NEEMA: Wanaohesabu mara unazoitaja siwa, ya kwanza hiyo!

ATHMAN: Wahesabu tu. Mimi utotoni nilikuwa nasimama mbele yake makumbusho mpaka mlinzi akanizoea. Ya Lamu ni ya brasi, ya Pate ni ya pembe ya ndovu, zote mbili zimo jumba lile. Na hupulizi kwa nchani, dada. Tundu liko ubavuni. Zamani ikilia, mji ulijua pana arusi ya wakubwa.

NEEMA: Mbiu ya mgambo.

ATHMAN: Mbiu ni pembe ya mnyama, hii ni kazi ya moto! Aliyeifanya alianza na nta. Umbo la nta, nakshi zote juu ya nta, kisha akaifunika udongo akaichoma. Nta ikatiririka, brasi ikamiminwa pale ilipokuwa. Mara moja tu. Ikiharibika, nta yako imeshakwenda, uanze upya tangu nakshi ya kwanza.

NEEMA: Na brasi haina huruma hapo. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, shaba peke yake haiyeyuki mpaka 1,085. Ukizidisha moto, zinki inapanda juu moshi mweupe. Ukiupunguza, brasi inaganda kabla haijafika kwenye nakshi ndogo.

ATHMAN: Unaona? Na wewe umeingia kwenye siwa.

NEEMA: Nimeingia kwenye brasi!

ATHMAN: Ni mamoja. Ndiyo maana nasema ile sauti ni ya brasi. Shika mdomo mpana wa tarumbeta likilia, unatetemeka mkononi. Chuma chenyewe kinaimba.

NEEMA: Hapana, kaka. Kinachoimba ni hewa iliyomo ndani. Midomo inatetemesha hewa, umbo la bomba linaamua sauti gani itoke. Brasi inazuia hewa isikimbie, basi. Siku hizi kuna trombone za plastiki, na ukizisikia unajua ni trombone.

ATHMAN: Unajua pia ni plastiki.

NEEMA: Kwa kuiona! Na saksafoni je? Brasi tupu, lakini iko familia moja na klarineti, kwa sababu ya ule mwanzi wa mdomoni.

ATHMAN: Basi mbona wapulizaji wanalipa zaidi wapate brasi yenye shaba asilimia 90? Ati wote wamedanganyika? Wanasema sauti inakuwa na joto, na hao ndio wanaoshinda nayo mdomoni.

NEEMA: Anayepuliza anasikia kwa mikono na meno. Aliye mbele yake hasikii hivyo.

ATHMAN: Mimi nimekuwa mbele yake. Nasikia.

NEEMA: Ungefumbwa macho?

ATHMAN: Hata nikifumbwa.

NEEMA: Sikubali.

ATHMAN: Nami sikubali. Fundi hakuhangaika na nta na moto kwa ajili ya kuzuia hewa.

NEEMA: Alihangaika kwa sababu ya nakshi na heshima ya mji. Hayo nayaheshimu sana. Ila sauti… Ngoja, nani anagonga?

ATHMAN: Wenye saa yao ya studio wamefika.

NEEMA: Jamani, na tuliahidi kuwafundisha kutunza matarumbeta! Nilikuwa na mambo matano. Haya, moja: osheni ndani kwa maji ya uvuguvugu, msitumie ya moto, rangi ya juu itabanduka. Pistoni tutazungumza…

ATHMAN: Bomba hili niachie.

NEEMA: La nini?

ATHMAN: Nataka kulipuliza, nilisikie lilivyobaki shaba.

NEEMA: Lina tundu, kaka! Halafu niambie, siwa ya Pate ni pembe. Brasi hakuna. Mbona nayo ni siwa?

ATHMAN: Hiyo umeitaja wewe.

NEEMA: Nijibu kwanza!

ATHMAN: Wanazima taa, dada.