Mahakama iko Arusha, Watanzania hatuingii

(Mhadhara kwa wanafunzi wa sheria na wakazi wa jiji, Arusha)

Wakubwa zangu shikamooni, vijana habari za jioni. Mimi ni mtu wa upinzani, na walionialika wanalijua hilo. Atakayesema nimekuja kuisema serikali, amesema kweli. Nimekuja kuisema kwa jambo moja ambalo nimelisema Moshi, nimelisema Babati, na nitaendelea kulisema mpaka lirekebishwe.

Shikeni barabara ya Dodoma mpaka jengo la TANAPA. Pale ndipo ilipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Imekuwa Arusha tangu 2007. Ina majaji 11, Waafrika wote, waliochaguliwa na Umoja wa Afrika. Jaji Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu, aliwahi kuwa Rais wake. Baadaye akaja Jaji Imani Aboud, Mtanzania pia. Leo mtu wa Sanawari akionewa na dola, akapambana mpaka Mahakama ya Rufani, akashindwa, hana ruhusa ya kupeleka malalamiko yake pale. Mmalawi anayo. Mghana anayo. Sisi tulioipa mahakama hii makazi ndio tunaoambiwa tubaki nje.

Nani kasema tubaki nje? Serikali yetu. Itifaki ya mahakama hii, yaani mkataba ulioianzisha, ibara ya 34(6), inasema raia ataweza kuishtaki nchi yake moja kwa moja endapo nchi hiyo imetoa tamko la kukubali. Machi 2010, wakati wa Rais Kikwete, Tanzania ilitoa tamko. Nampongeza kwa hilo, chama chochote awe nacho. Novemba 2019, wakati wa Rais Magufuli, tamko likaondolewa, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa rasmi. Machi 2021 akaingia Rais Samia. Januari 2023 akaondoa katazo la mikutano ya hadhara, tukashangilia, mimi mmojawapo. Lakini tamko hili limeachwa palepale lilipotupwa. Kwa hiyo msiniambie ni mambo ya marehemu. Uamuzi ambao una uwezo wa kuufuta na hujaufuta ni uamuzi wako.

Sasa niwaambie nani alikuwa akiingia kwenye mlango ule. Wengi wanafikiri ni wanasiasa na mashirika ya haki za binadamu. La hasha. Walikuwa wafungwa. Chukueni kesi ya mfungwa mmoja wa gereza la Karanga, hapo Moshi. Alishtakiwa Rombo miaka ya 1990 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Adhabu yake ni miaka 30. Hakuwa na wakili. Mnisikilize hapo vizuri, hasa ninyi mnaosomea sheria: mtu anasimama kizimbani peke yake, upande wa pili kuna mwendesha mashtaka anayejua kila kifungu, na yeye hajui hata kwamba ana haki ya kupinga kielelezo. Akaugua, akalazwa, kesi ikaendelea akiwa hayupo, hakujitetea. Akafungwa. Akakata rufaa, ikatupwa; akakata tena, ikatupwa. Miaka inakwenda, yuko Karanga. Mwisho akapeleka maombi yake Mahakama ya Afrika, na tarehe 20 Novemba 2015 mahakama ikasema alinyimwa haki ya kusikilizwa kwa usawa: mtu anayekabiliwa na miaka 30 ilipasa apewe wakili bila malipo, hata kama hakuomba.

Hata kama hakuomba! Nimesimama mahakamani miaka mingi, na ninajua uzito wa maneno hayo. Nimewaona mama zetu wanakuja ofisini na nakala ya hukumu imekunjwa ndani ya mfuko wa rambo, kurasa zimeshikana kwa jasho, na hajui imeandikwa nini kwa sababu imeandikwa Kiingereza. Anauliza, "Baba, mwanangu atatoka lini?" Nikifungua ukurasa wa kwanza naangalia mahali panapoandikwa jina la wakili wa mshtakiwa. Mara ngapi pako patupu! Hukumu ya mfungwa wa Karanga ilikuwa ya mama huyo. Mwaka 2017 Bunge likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, na ni jambo jema. Lakini sheria ikiwa kwenye vitabu na mtoto wa mama huyo akahukumiwa leo bila wakili, nimpeleke wapi baada ya Mahakama ya Rufani? Zamani ningemwambia, vuka barabara. Leo sina la kumwambia.

Kuna lingine la huku kwetu. Mahakama Kuu ilipokaa Moshi iliwahukumu watu kunyongwa kwa mauaji. Kwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 197, jaji hakuwa na nafasi ya kupima: akikuta kosa la mauaji, ni kunyongwa tu, awe aliua kwa kupanga miezi sita au katika ugomvi wa dakika moja. Waliohukumiwa wakaenda Mahakama ya Afrika. Novemba 21, 2019, serikali ikawasilisha notisi ya kuondoa tamko. Novemba 28, siku saba baadaye, hukumu ikatoka: adhabu ya kifo isiyomwachia jaji uamuzi inavunja haki ya kuishi, iondolewe ndani ya mwaka mmoja. Nchi yetu haijamnyonga mtu tangu 1994. Nini basi kilichokuwa kinatetewa?

Najua kuna mzee hapo mbele anataka kuniuliza: kwa nini tuhukumiwe na watu wa nje? Mzee wangu, hakuna aliyetuvamia. Tuliridhia Itifaki wenyewe 2006. Na jaji wa mahakama ile haketi kwenye kesi ya nchi yake, ndiyo maana Ramadhani hakuweza kutupendelea wala kutuonea. Serikali ilisema tamko letu linatekelezwa kinyume na masharti tuliyoweka, hasa sharti la mtu kumaliza kwanza mahakama za ndani. Mahakama ile imetupa kesi nyingi kwa sababu hiyohiyo, mwombaji hakumaliza mahakama za ndani! Kama serikali inaona kesi fulani ilipita kimakosa, ina mawakili, wakasimame wabishe. Anayeshindwa hoja moja akaondoka na haki za wananchi wote, huyo hajatetea mamlaka ya nchi.

Mwingine ataniambia ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko hapahapa Arusha. Ipo, na imefanya kazi nzuri. Machi 2019 ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini una miezi miwili tu ya kufungua shauri tangu tendo litokee. Mtu aliyetumia miaka kumi kwenye rufaa ataiwahi vipi? Au ataambiwa aende Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Banjul, Gambia. Kutoka Ngaramtoni mpaka Banjul!

Nisiwachoshe, nifike kwenye uchaguzi, maana naamini hofu ya serikali ilikuwa huku. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ilimpa haki Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani: kumlazimisha mgombea awe na chama kunavunja haki. Miaka yote hii, mgombea binafsi hayupo. Julai 2020 ikasema ibara ya 41(7) ya Katiba, inayozuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais, inavunja haki. Ibara bado ipo. Wakenya, hapo Namanga tu, walifuta uchaguzi wa urais mahakamani Septemba 2017, wakarudia, nchi ikaendelea. Malawi wakafanya hivyo Februari 2020. Sisi Oktoba 2025 tumepiga kura, Tume ya Uchaguzi ikatangaza Rais, na mwenye malalamiko akiwa na ushahidi wa gunia zima hana jaji wa kumpelekea, ndani ya nchi wala barabara ya Dodoma. Watu wenye malalamiko yasiyo na pa kusikilizwa watayapeleka wapi? Serikali inayosema inapenda amani ijibu swali hilo kabla ya kununua gari jingine la maji ya kuwasha.

Nilikuwa na la wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi, hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Juni 2023, lakini naonyeshwa saa. Mkaisome.

Niseme tu kwamba kurudisha tamko hakuhitaji Katiba mpya, wala kura ya maoni. Ni barua kwenda Umoja wa Afrika, kama ile ya 2010. Madiwani na wabunge wenu wakija kwenye mikutano, mnauliza barabara na maji, na mna haki. Ongezeni hili: barua inasainiwa tarehe ngapi? Akijibu "tutalifanyia kazi", muulizeni tena tarehe.