Themostati kwenye sufuria: mazungumzo na madereva wa malori, Arusha

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jua. Sufuria mnayoiona hapo jikoni si ya chai, msije na vikombe.

Wangapi hapa mmeng'oa themostati kwenye magari yenu, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto? Nyoosheni mikono, mimi si trafiki. (Vicheko.) Haya, karibu wote. Na magari yenyewe nayajua: Canter za injini ya 4D33, Fuso za 6D14 na 6D16. Chuma kizito, pampu ya nozeli isiyojua kompyuta. Nyingi zilizokufa mapema mikononi mwangu, chanzo nilikikuta kwenye maji.

Angalieni. Hii imegongwa namba 82, ndiyo nyuzi joto za kufunguka. Nimeining'iniza majini kwa kamba isiguse chini. Kipimajoto kinasoma 60, imefunga. 70, bado. 80… subirini… hiyo! Inaachia mdomo polepole. Nzima kabisa, na nimeiokota kwenye chuma chakavu cha gereji moja hapahapa Unga Ltd.

Ukiitoa, injini haipati joto lake. Dizeli haina plagi ya cheche; huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na ndivyo ilivyo tangu injini ya Rudolf Diesel ya mwaka 1897 kule Augsburg. Silinda ikiwa baridi, mafuta hayaungui yote. Yanachuruzika ukutani, yanaosha oili, ringi za pistoni zinalika. Halafu kuna lile tundu la njia ya mkato. Kwenye injini nyingi themostati ikifunguka hulifunga. Ukiing'oa linabaki wazi, maji ya moto yanazunguka humohumo bila kufika kwenye rejeta. Umeng'oa gari lisichemshe, na mlimani linachemsha!

Sasa maji yanatokota. Soma wewe kijana. 95? Kipimo si kibovu. Dar yangechemka kwa 100, ila hapa tuko mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa inayabana maji kidogo tu. Mfuniko wa rejeta uliogongwa 0.9, yaani shinikizo lake, huyabana yasichemke mpaka kama 115. Mpira wake ukikatika, au ukiziba kwa tambara na mfuko wa nailoni, umerudi 95 yako. Mfuniko tu, kitu cha kiganjani.

Mimi mwenyewe nimeua hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda. Tunapanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, saruji mgongoni, mshale umelala kwenye nyekundu. Nikasimama, nikazima papo hapo, nikamwagia injini ndoo ya maji baridi. Ililia "ta!" kama kuni mbichi motoni. Hedi imepasuka kati ya vali mbili. Ningeiacha ingurume taratibu, maadamu maji bado yamo, feni iipoze, ndipo nizime na kungoja. Tingo wangu alinishauri hivyohivyo, nikamfokea.

Maji matupu ya bomba nayo, kwenye injini ambazo slivu (ukuta wa silinda) huguswa na maji, yanaitoboa kwa nje, vijishimo kama vya sindano. Weka kulanti, maji ya dawa ya rejeta. Na oili ikitoka kwenye dipstiki na rangi ya chai ya maziwa, usipige stata, hata kama mzigo ni wa bosi.

Nani ameuliza? Kulanti ya kijani na nyekundu usichanganye. Mwaga yote, suuza, jaza aina moja.

Zima jiko, mwanangu. Hii themostati ikipoa ipite mikononi muione. Ni ya Canter. Mwenye 4D33 aliyeng'oa yake, aondoke nayo.