Mvua Ikinyesha, Nauli Hupanda: Kuwafundisha Vijana Wetu Kutumia Huduma za Umma

Wazazi, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mlioketi pale mbele, hamjambo? Nimeombwa nizungumzie namna ya kumfundisha mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili, usonji au sindromu ya Down kutumia huduma za umma bila kushikwa mkono. Nitaanza na pesa, kwa sababu asiye na nauli hafiki kwingine kokote.

Zitazameni sarafu zilizo mifukoni mwenu. Tangu Desemba 2018 tuna sarafu zenye wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Zilitokana na Katiba ya Kenya ya 2010, iliyokataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye pesa. Sidhani walioiandika walikuwa wakifikiria darasa la elimu maalum, lakini walitufaa sana. Mtoto asiyesoma tarakimu anaweza kujua kwamba simba wawili ni ndovu mmoja. Unamfundisha muhula mzima mpaka anaiva.

Halafu anapanda matatu, na makanga, yaani kondakta, anamrudishia chenji ya shilingi kumi ya zamani, yenye kichwa cha rais. Simba hayuko. Kijana anaikataa: hii si pesa. Makanga anadhani anafanyiwa mzaha. Abiria wa nyuma wanaguna, sauti zinapanda, na kijana aliyekuwa anajua hesabu yake sawasawa anaziba masikio na kulia. Hesabu alikuwa nayo. Ambacho hakuwahi kufundishwa ni kwamba sarafu za zamani bado zinatumika.

Hapo ndipo lilipo neno langu la leo. Tunawafundisha vijana hawa huduma kama inavyotakiwa kuwa, kisha tunawaachilia Nairobi, mahali ambapo nauli ya asubuhi si ya mchana na mvua ikinyesha inapanda bila taarifa. Unapanda namba 46 ya Kawangware, msongamano unazidi, makanga anagonga bodi na kutangaza kwamba gari halifiki mwisho, shukeni hapa. Mimi na wewe tunanung'unika tukashuka. Kwa kijana aliyekariri safari hatua kwa hatua, dunia imevunjika. Kwa hiyo nasema nusu ya somo iwe njia yenyewe, na nusu iwe njia inapoharibika.

Njia yenyewe mbinu zake zinajulikana. Mtaala wetu wa umilisi una mkondo wa wanafunzi wasiopanda gredi kwa gredi kama wenzao, na stadi za maisha ya kila siku zimo, kwa hiyo asije mtu akawaambia kupanda matatu si masomo. Igawanye safari katika vihatua vidogo, kisha anzia mwisho. Siku za kwanza mwalimu afanye yote, asimamishe gari, alipe, aketi. Kijana aachiwe kitu kimoja tu, kusema "shukisha hapo mbele" na kushuka. Akikizoea, mwongeze kinachotangulia. Kila somo linaishia kwenye ushindi wake, maana yeye ndiye aliyeimaliza safari. Misaada nayo ipungue: leo maneno, baadaye kidole, baadaye jicho tu. Na mwalimu anyamaze. Sisi walimu ulimi unatuwasha. Kijana akikawia kidogo tumeshamjibia. Mpe muda, hata kama makanga anamhimiza.

Tena fanyieni kwenye gari lenyewe. Viti vilivyopangwa darasani vinafaa mwanzoni, lakini wengi wa wanafunzi hawa hawahamishi ujuzi kirahisi. Kilichosomwa shuleni hubaki shuleni.

Nusu ya pili ndiyo tunayoiruka. Akishaiweza njia, iharibuni kwa makusudi. Ongeeni na makanga mnayemfahamu adai nauli ya juu kuliko ya kawaida. Mpeni chenji ya sarafu za zamani. Shukeni steji moja kabla ya ile yake. Kila mara ajizoeze sentensi moja inayofungua milango mingi: "Sijaelewa, niambie tena polepole." Asiyeongea awe na kadi yenye maneno hayo. Anwani ya nyumbani na simu ya mama visiandikwe upande unaoonwa na kila mtu. Hiyo ni habari ya kumpa askari au mhudumu, si ya kutembezwa mjini.

Sasa M-Pesa. Kubonyeza vitufe wanajifunza upesi, wengine upesi kutushinda. Tatizo ni namba ya siri. Kijana huyu tangu utotoni amesifiwa kwa kutii: akiambiwa kaa, anakaa; akiambiwa toa, anatoa. Mtu mzima mwenye sauti ya upole akimwambia "nipe PIN nikusaidie", atampa, kwa sababu ndivyo tulivyomlea. Basi somo la PIN ni somo la kukataa. Mwalimu amwombe, na jibu sahihi liwe hapana. Mjomba amwombe, hapana. Na akikataa asikaripiwe kwa utovu wa adabu, apongezwe. Wazazi, najua hili ni gumu katika nyumba zetu, ambapo mtoto hamwambii mkubwa hapana. Lakini huwezi kutaka ajitegemee na papo hapo utake amtii kila mtu. Kabla ya kutuma pesa, pia, asome jina linalotokea kwenye skrini. Asiyesoma afananishe na jina lililoandikwa kwenye karatasi yake.

Ofisini, hata Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, pale GPO, posta kuu ya Nairobi, vikwazo vingi ni vya kawaida: kelele, foleni, dirisha kubadilishwa. Nendeni mapema siku isiyo na watu wengi, mkatazame tu, mrudi nyumbani bila kuomba chochote.

Kuna kikwazo kimoja kinachotoka kwetu. Kijana ametimiza miaka 18, mmekwenda kutafuta kitambulisho, cheti cha kuzaliwa kiko mkononi. Karani anamtazama mama: "Anaitwa nani?" Mama anajibu. "Amezaliwa wapi?" Mama anajibu. Kijana anachukuliwa alama za vidole kama mzigo unaopimwa. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kufikia usafiri wa umma na habari, lakini karani hataikumbuka ukiwa umesimama katikati yao. Mfanyie kijana mazoezi ya maswali hayo nyumbani. Siku yenyewe mpe bahasha ya karatasi aishike yeye, kisha nenda ukaketi kwenye benchi la nyuma. Karani akikutafuta kwa macho, mwonyeshe kijana.