Nani Alimtungua Baron Mwekundu?

BARAKA: Karibuni tena. Dada Neema, leo naona umetuletea marehemu.

NEEMA: Marehemu wa miaka mia na ushei, na sifa ya kumuua bado inagombaniwa! Manfred von Richthofen, rubani wa Ujerumani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, yule waliyemwita Baron Mwekundu, wa ndege nyekundu yenye mabawa matatu. Alihesabiwa ndege 80 alizotungua.

BARAKA: Themanini? Huyo hakuwa mtu wa mchezo.

NEEMA: Sasa sikia. Jumapili, 21 Aprili 1918, bonde la Mto Somme, Ufaransa. Ana miaka 25. Anamkimbiza kijana wa Kanada, Wilfrid May, mgeni kabisa wa mapigano ya angani. May anashuka chini karibu aguse maji, jamaa yuko mgongoni kwake, wanaingia upande wa Waingereza.

BARAKA: Kajipeleka mwenyewe.

NEEMA: Nyuma yao anateremka Mkanada mwingine, Kapteni Roy Brown. Anammiminia risasi, anapinda, anaondoka. Jeshi la Anga la Uingereza likamwandikia Brown ushindi.

BARAKA: Basi, kesi imekwisha.

NEEMA: Ingekwisha, ila chini walikuwepo Waaustralia na bunduki zao za rashasha. Sajenti Cedric Popkin alifyatua. Robert Buie na Snowy Evans nao wakafyatua. Shughuli ikawa hapo.

BARAKA: Si wangeitazama risasi tu?

NEEMA: Risasi zote ni zile zile kaka, za kipimo cha .303. Ya ndege ya Brown na ya bunduki ya Popkin, huzitofautishi.

BARAKA: Duh.

NEEMA: Kilichobaki ni jeraha. Risasi moja, imeingia chini ya kwapa la kulia, ikatokea karibu na chuchu ya kushoto. Na Brown alimjia kwa nyuma, juu, upande wa kushoto.

BARAKA: Subiri, subiri. Mimi niko kushoto kwako, tundu liko kulia?

NEEMA: Ndiyo hapo. Halafu baada ya Brown kuondoka, Richthofen aliendelea kumfukuza May kwa muda. Mtu mwenye jeraha la namna ile angeweza vipi? Popkin alipiga mara ya pili ndege ikiwa imemgeuzia ubavu wa kulia. Wachunguzi wengi siku hizi wanamtaja yeye, na mimi niko nao.

BARAKA: Kwa nini basi Brown?

NEEMA: Jeshi lenyewe la anga lilikuwa na wiki tatu tu tangu liundwe. Mwenzangu, ungekuwa wewe ungempa sifa askari wa ardhini?

BARAKA: Aah, nisingempa! Ila ndege si ilikuwepo? Wangehesabu matundu.

NEEMA: Ilitua shambani karibu na Vaux-sur-Somme, haikuharibika sana. Askari wakaivamia, huyu anakata kitambaa, yule anang'oa chuma, kila mtu na kumbukumbu yake.

BARAKA: Ushahidi wote mifukoni!

NEEMA: Kesho yake wakamzika kijijini Bertangles kwa heshima za kijeshi, jeneza limebebwa na maafisa sita wa upande wa adui.