Nowari Moja, Manowari Mbili

ZUHURA: Haya, karibuni tena kwenye kipindi chetu cha maneno ya kukopa. Leo Deo ana baiskeli moja na madigadi matatu.

DEO: Na moja halina pa kukaa. Juzi niliagiza "madigadi ya nyuma", nikimaanisha kile kibati kimoja cha kuzuia tope lisikurukie mgongoni. Muuzaji kasikia ma-, kafungasha mawili.

ZUHURA: Kosa lako. Ungesema "digadi la nyuma".

DEO: Kosa langu vipi, dada, wakati mimi ndiye niliyelitaja zima? Neno lenyewe ni "mudguard", na "mud" ni tope. Kiswahili cha kukopa hakipendi silabi iishie na konsonanti, kwa hiyo d ya katikati ikapewa i, ya mwisho ikapewa i: ma-di-ga-di. Hiyo ma ni nusu ya tope! Ukisema "digadi" umelikata tope katikati, ukabakiza mkia wake.

ZUHURA: Sikio halikujua habari ya tope. Baiskeli ina gurudumu na magurudumu, na hivyo vibati viko viwili, mbele na nyuma. Mtu kasikia "madigadi" akaona wingi uko hapo hapo mezani. Akautoa.

DEO: Basi manowari nayo ni wingi. Moja ni nowari.

ZUHURA: Tumeanza.

DEO: Si imetoka "man-of-war", meli ya vita? Ma- ipo. Nowari moja imetia nanga, manowari mbili zimetia nanga.

ZUHURA: Umejisaliti. Umesema "zimetia". Hicho ndicho kipimo chenyewe: usilitazame neno, lifunge na kitenzi. Madigadi *yamepinda*, kwa hiyo liko na magurudumu. Manowari *zimetia* nanga, iko na meli na ngalawa, na huko umoja na wingi haviachani umbo.

DEO: Na kipilefti?

ZUHURA: Kipilefti kimebomolewa, vipilefti vimebomolewa. Limepita mtihani.

DEO: Kwa wasikilizaji wa Nairobi wanaosema raundabauti: hicho ni kibao cha barabarani, "keep left", shika kushoto. Kilikuwa kikielekeza dereva anayeingia kwenye mzunguko, nasi tukaliita duara zima jina la kibao. Sasa mtu anakwambia "zunguka kipilefti, kisha kata kulia", na hakuna anayecheka.

ZUHURA: Wala si janja mpya. Kitabu ni hivyo hivyo. Kiarabu kina mzizi wa k-t-b, ile k ni mfupa wa neno, wingi wao ni kutub. Sisi tukaiona ki- tukasema vitabu. Kilabu nayo ni "club" iliyotiliwa i katikati, leo tuna vilabu vya mpira na vya pombe.

DEO: Vilo viwili vya sukari.

ZUHURA: Hapana.

DEO: Kideo kimoja.

ZUHURA: Deo!

DEO: Mziri wa fedha amekutana na waziri wenzake.

ZUHURA: Hilo ndilo zuri kuliko yote, maana linaonyesha sikio si kipofu. Waziri na wakili yana wa- mdomoni, lakini yalikuja yakiwa jina la mtu mmoja mwenye cheo. Hakuna aliyekata. Tumeongeza tu: mawaziri, mawakili. Na kilo ilikwenda kukaa na lita na mita, vipimo wenzake.

DEO: Sawa. Kirusi je?

ZUHURA: Kirusi ni sahihi. Kirusi kimoja, virusi vingi.

DEO: Kirusi ni lugha ya Urusi! Neno ni la Kilatini, "virus", sumu, na lenyewe lilikuwa umoja. Vi- si yetu.

ZUHURA: Ki- ya kitabu nayo si yetu.

DEO: Kitabu nakihitaji kimoja. Nani aliyewahi kuugua kwa kirusi kimoja? Virusi ni kama maziwa na mate, vinatajwa kwa jumla.

ZUHURA: Mate hayahesabiki. Mwalimu wa baolojia anachora kitu kimoja ubaoni, kinajishikiza kwenye seli, kinaingiza vinasaba vyake ndani. Akiite nini? "Virusi kinajishikiza"?

DEO: Aseme "chembe moja ya virusi".

ZUHURA: Maneno manne mahali pa moja, eti kwa kuwaogopa Warusi.

DEO: Siogopi. Nakataa kukata pasipo na haja.

ZUHURA: Aliyekataa kukata ndiye mwenye madigadi matatu.

DEO: Hilo ni suala la biashara, si la sarufi. Kirusi sisemi.

ZUHURA: Nami nitaendelea kusema. Tumebakiza dakika moja, na tuliahidi asili ya maneno "daladala", "matatu" na "leso".

DEO: Leso ni Kireno, "lenço", kitambaa cha mkononi. Matatu ni mapeni matatu, senti 30 za nauli ya zamani ya Nairobi. Daladala, kile kisarafu cha shilingi 5 kilichoitwa dala...

ZUHURA: Hiyo haiishi kwa nusu dakika, iache.

DEO: Basi nina tangazo. Kuna digadi jipya, halijafungwa.

ZUHURA: La mbele au la nyuma?

DEO: La nyuma. Anayelitaka aseme vizuri anataka mangapi.