Witu: Usultani Uliouzwa kwa Kisiwa cha Mawe

SAUMU: Karibuni tena. Mwenzangu leo kaja na daftari zima, mnivumilie.

BAKARI: Dada, ukiwa kwenye basi la Lamu, Witu unaipita hivi hivi. Basi hapo palikuwa na sultani, na Berlin wakamtambua.

SAUMU: Mie nijuavyo sultani alikuwa Unguja.

BAKARI: Ndiyo ugomvi wenyewe! Ahmed bin Fumoluti, Mnabahani, yaani wa ukoo wa watawala wa kisiwa cha Pate. Watu wakimwita Simba. Unguja ilimfukuza visiwani, akaingia msituni Witu miaka ya 1860. Waliomkimbilia wengi walikuwa watoro wa mashamba ya pwani.

SAUMU: Watumwa waliotoroka? Hapo matajiri hawakulala.

BAKARI: Hawakulala. Ila tusimfanye malaika, watu wake nao waliteka wanavijiji wakawauza. Sasa ukizungukwa na maadui hivyo, unatafuta rafiki wa mbali. Wakaja ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt. Aprili 1885 akawapa ardhi, Mei Ujerumani ikatangaza kumlinda.

SAUMU: Na huo ulinzi ulidumu?

BAKARI: Miaka mitano! Simba akafa 1889, akarithi Fumo Bakari, somo wangu. Tarehe 1 Julai 1890 Wajerumani wakatia saini na Waingereza: wao wachukue Heligoland, Waingereza wapate Witu na ulinzi wa Unguja.

SAUMU: Heligoland shuleni tumeikariri weee! Witu sikumbuki hata mstari mmoja.

BAKARI: Kisiwa cha mawe kwenye Bahari ya Kaskazini. Na somo wangu hakuna aliyemuuliza.

SAUMU: Angeulizwa angesema nini, jamani.

BAKARI: Septemba mwaka huohuo akaja Mjerumani, Küntzel, na wenzake, anataka kupasua mbao. Sultani kamkatalia. Wakanyang'anywa silaha, wakalala mjini. Asubuhi wanataka kutoka, lango limefungwa. Küntzel alikuwa na hasira za karibu, na inasimuliwa kwamba alimpiga risasi mlinzi wa lango. Basi. Wakauawa yeye na wenzake.

SAUMU: Subiri. Mjerumani kauawa, lakini nchi sasa ni ya Mwingereza. Nani analipiza?

BAKARI: Mwingereza! Oktoba admirali Fremantle akashusha wanamaji, wakapita msituni kwa miguu, wakauchoma mji.

SAUMU: Yaani Mjerumani kamuuza, halafu mnunuzi ndiye anayemchapa kwa ajili ya Mjerumani.

BAKARI: Na Mjerumani huyo ndiye aliyeahidi ulinzi, mimi huwa nafikiria hilo. Fumo Bakari akakimbilia msituni, kama Simba kabla yake. Januari 1891 akafa.

SAUMU: Na usultani?

BAKARI: Jina lilibaki. Waingereza wakaweka sultani wa kuwatii, na mwaka 1920 Witu ikamezwa na Koloni la Kenya.

SAUMU: Heligoland je?

BAKARI: Mpaka leo ni ya Wajerumani.