Namna ya Kutega Wavu wa Kukinga Majani ya Mikoko, Delta ya Rufiji

Ndugu watazamaji, karibuni delta ya Rufiji. Leo tutatega nyavu za kukinga majani yanayodondoka, ili tujue mikoko hii inazalisha kiasi gani kwa mwaka na kaboni yake inaelekea wapi. Nyavu hizi ninazishona na kuziuza mwenyewe, ingawa mwenye sindano na chandarua kikuukuu hanihitaji. Mikoko ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kitangulie safari.

Fremu ni mabomba manne ya plastiki ya mita 1, yaliyoungwa kwa elbo. Chandarua hushonwa kikilegea kama mfuko, na ndani huwekwa jiwe dogo ili upepo usiupindue. Hilo halina ugumu.

Sasa sogeeni kwenye shina la mkoko huu. Juu ya mizizi kuna mahali ambapo tope kavu la kijivu linakoma na gamba safi linaanza, na hapo ndipo maji ya bamvua, yaani maji kujaa yaliyo makubwa kuliko ya siku nyingine, yalipofikia. Kitako cha mfuko kikae angalau nusu mita juu ya mstari huo. Nimesema kitako cha mfuko, wala si fremu, kwa sababu mfuko unaning'inia.

Mwaka wangu wa kwanza nilitega wakati wa maji mafu, ambapo maji hayapandi sana, nikapima kwa kuyatazama maji ya siku ile, nikajiona fundi. Bamvua la mwezi Machi likaja nikiwa nyumbani. Niliporudi nilikuta mfuko umejaa pomoni, nikafurahi kama mvuvi aliyelikuta kundi la dagaa, mpaka nilipochukua jani moja na kuona limepakwa tope pande zote mbili, na chini yake pana kipande cha mwani. Mwani haudondoki kutoka mtini. Majani yale yaliletwa na maji, na hesabu yote ya mwezi ule niliitupa. Kwa hiyo kabla ya kufunga kamba, tafuteni kwanza mstari wa tope.

Mtaniwia radhi, kamba ya kushoto imeteleza na fremu imeinama mbele ya kamera. Nilifunga fundo la haraka kwenye tawi lenye ukungu. Tunaizungusha kamba mara mbili, tunakaza, kisha tunapima upya: kitako kiko sentimita 55 juu ya mstari. Sasa ninaridhika.

Kila baada ya siku 14 tunakusanya, tunatenga majani, vijiti, maua na matunda, kisha tunavikausha kwenye oveni kwa nyuzi 70 mpaka uzito usibadilike tena. Tuseme wavu umetoa gramu 30 kavu: kwa mwaka ni takriban gramu 782 kwa mita ya mraba, au tani 7.8 kwa hekta, na kwa kuwa kaboni ni kama asilimia 45 ya uzito huo, tunapata tani 3.5. Hata hivyo, mkusanyo mmoja hauwezi kuusemea mwaka mzima, maana majani hudondoka kwa misimu. Binafsi sitegi chini ya nyavu kumi, na huziacha mtini miezi 12.

Wavu, hata hivyo, hauonyeshi jani linakwenda wapi likifika chini, na sehemu hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Chukueni majani ya manjano yaliyodondoka leo, mfunge kila moja kwa uzi wa mita 1, na ncha ya pili muifunge kwenye mzizi. Kesho, maji yakipwa, fuateni nyuzi. Uzi uliokatika unaashiria jani lililochukuliwa na maji kuelekea mlangoni mwa mto. Uzi ulionyooka kuingia shimoni ni kazi ya kaa: anakula sehemu, na mabaki yanazama kwenye tope lisilo na oksijeni, ambako huoza polepole mno na kaboni yake hukaa miaka mingi. Harufu ya yai viza mnayoisikia mkikanyaga inatoka huko huko.

Tazameni, kamera isitikisike: kaa mwekundu ametoka, ameshika jani letu la tatu kwa gando na analivuta kinyumenyume, nasi hata ncha ya uzi hatujaifunga.